Vifungo vya Shati

Mama Françoise alikitikisa kikopo cha dawa kama alivyokitikisa kila asubuhi, akasikia kikilia, akaridhika. Alikuwa karibu kukirudisha juu ya kabati pale kifuniko kilipomteleza na vyote vilivyokuwamo vikamwagika sakafuni. Aliinama kuviokota. Akaokota cha kwanza, akakisogeza karibu na macho, akaona kina matundu katikati.

"Evodie," aliita. "Kuja uone kitu."

Evodie alikuwa anafunga kamba za viatu ili aende kazini. Alimkuta mama yake amepiga magoti, kiganjani ana vifungo vya shati, vyeupe, vile vidogo vya sare za shule. Hakukuwa na kidonge hata kimoja.

Nje, chini ya bati la baraza, Papa Salomon alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu alipougua kifua kikuu, lakini yeye hakuacha kukaa hapo kila asubuhi, koti mwilini, kana kwamba mteja angefika wakati wowote. Kando yake ilisimama sanamu ya mbao ya kupimia nguo, haina kichwa, imevishwa sare ya mtoto ambaye wazazi wake hawakurudi kuichukua.

"Papa Evodie, hii njo dawa?" Mama Françoise alimnyooshea kiganja.

Papa Salomon aliviangalia vifungo, kisha akaiangalia barabara inayoteremka kuelekea ziwani.

"Dawa iliisha," alisema.

"Iliisha lini?"

"Siku nyingi."

"Na kila asubuhi nakuuliza, umekunywa? Unanijibu, ndiyo, nimekunywa."

"Ungehangaika bure. Mesaji haijafika bado. Ikifika nitaenda kuchukua zingine."

Hapo wote wawili walimgeukia Evodie, maana mesaji zilikuwa kazi yake. Shirika dogo alilolifanyia kazi mjini lilikuwa na programu ya kuwatumia wagonjwa wa kifua kikuu ujumbe wa simu pindi dawa zao zinapofika kituoni. Kabla ya hapo watu walipanda kilima, wakapanga foleni, wakaambiwa gari la dawa limekwama upande wa Nyunzu, wakashuka tena wakikohoa. Kwa hiyo kituo kilitoa agizo: mtu asije mpaka aitwe. Siku programu ilipoanza, Papa Salomon aliwaonyesha majirani ujumbe wake wa kwanza, nyumba kwa nyumba, mpaka kioo cha simu kikajaa alama za vidole vyao. Mutoto wangu njo aliandika hii, aliwaambia, na alikuwa anajivuna bila kujificha.

"Haiwezekani, Papa," Evodie alisema. "Tunaijaribu kila siku. Majaribio yote yako kijani."

"Basi itafika," baba yake alisema, akakohoa ndani ya mkono wa koti.

Kikohozi kilikuwa kile cha zamani, chenye majimaji. Evodie alikisikia na hakuhisi kitu. Alijua kwamba alipaswa kuhisi. Alisimama pale akiingoja hofu imshike, haikumshika, akachukua mkoba wake akaenda kazini.

*

Alifungua kompyuta kabla hata ya kumsalimia Guelord, kijana waliyekuwa wakiandika naye programu hiyo kwa Python, lugha ya kompyuta. Alianzisha majaribio. Nukta za kijani zilijipanga kwenye skrini moja baada ya nyingine, wala hakukuwa na nyekundu hata moja.

"Kuko shida gani?" Guelord aliuliza.

"Sijue bado."

Aliongeza namba yake mwenyewe kati ya namba za wagonjwa, akaiambia programu kwamba dawa imefika, akaiweka simu juu ya meza. Programu ilimaliza kazi yake bila kulalamika. Simu ilikaa kimya. Rezo, yaani mtandao wa simu, ilikuwepo, mistari yote. Guelord alikunywa chai yake akaimaliza, na simu ikabaki imelala palepale.

Sasa, ili mtu aelewe kilichompata Evodie, ni lazima ajue jinsi majaribio hayo yalivyofanywa. Huwezi kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kweli kila unapotaka kujaribu programu. Mtu atapanda kilima bure, na atakutukana akiwa na haki. Kwa hiyo waandishi wa programu humweka mjumbe wa bandia mahali pa yule wa kweli, yaani sehemu ya programu inayotuma ujumbe wenyewe. Wenyewe humwita mock. Evodie alimwita sanamu, kwa sababu ya ile ya baba yake, na ndivyo alivyomweleza siku moja barazani: unaivisha sanamu nguo, unaona kama imekaa, na mteja humsumbui. Sanamu ya Evodie ilikuwa na utii wa ajabu. Uiite kwa jina lolote, itaitika. Uiagize jambo lolote, hata ambalo mjumbe wa kweli hajawahi kulifanya, itakubali. Kisha unaiuliza, umetuma? Nayo inajibu, nimetuma.

Evodie aliiondoa sanamu, akamwita mjumbe wa kweli. Mjumbe alikataa papo hapo. Hakuijua kazi yoyote inayoitwa tuma.

"Guelord, hii kazi ya kutuma, uliibadilisha jina?"

"Ndiyo. Wakati ile kampuni ya telefone ilibadilisha mambo yao. Niliingia ndani ya ile sehemu ya Mjumbe, nikaandika upya. Sasa inaitwa tuma_kwa." Alisogeza kiti karibu. "Lakini nilizungusha majaribio yote kisha, Dada Evodie. Yalikuwa kijani. Njo nikajua niko sawa."

Alikuwa anasema kweli. Kijana alibadilisha jina upande wake, na upande wa Evodie programu ikaendelea kumwita mjumbe kwa jina la zamani. Mjumbe wa kweli alikataa kila siku. Sanamu iliitika kila siku. Na kelele ya kukataa haikusikika kwa sababu Evodie mwenyewe, mwanzoni kabisa, aliandika kwamba ujumbe mmoja ukishindwa programu isisimame, inyamaze tu na kumwendea mgonjwa anayefuata, ili namba moja mbovu isiwazuie wengine. Wakati ule aliona anafanya wema.

"Uliibadilisha lini?"

"Karibu na Pasaka."

Sasa shule zilikuwa karibu kufungwa. Guelord alihesabu kichwani, akaacha mdomo wazi.

"Ata mesaji moja haijatoka?"

"Ata moja."

Papa Nicolas, mkuu wao, aliingia akiwa ameshika funguo za gari. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Wagonjwa wamelalamika?"

"Hapana, Papa."

"Kituo kimelalamika?"

"Hapana."

"Basi tengeneza polepole, tusipige kelele. Juma linalokuja wageni wa Lubumbashi wanakuja kuona hii kazi."

"Papa yangu iko anakohoa," Evodie alisema. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Papa Nicolas aliinamisha kichwa. "Pole sana, Mama," alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akauliza, "Lakini majaribio, leo, yako kijani?"

"Yako kijani."

"Bon," alisema, akatoka.

*

Kituo cha afya kilikuwa juu ya kilima, na Evodie alipofika pumzi ilikuwa imemwishia. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuwaomba radhi wagonjwa. Mama Éliane, muuguzi wa dawa za kifua, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anafunga boksi kwa utepe.

"Mesaji?" alisema. "Mama, watu wa hapa tangu lini wanangojea mesaji? Wakiona gari ya dawa inapita sokoni, asubuhi yake wote wako kwa mlango. Nawafukuza, wanarudi."

"Wote?"

"Karibu wote." Alifikiri kidogo. "Kuko mama moja alirudi kwao Kabalo. Kuko muzee wa Lubuye, huyu sijamuona. Na papa yako."

"Hamukuuliza papa iko wapi?"

"Papa yako?" Mama Éliane aliacha utepe. "Nilizani wewe unamuchukulia dawa kwa njia yenu ya ofisi. Wewe njo mwenye mesaji. Ningeanzaje kukuuliza?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wale ambao hawakuiamini kazi ya Evodie walikuwa wanapona. Aliyeiamini alikuwa nyumbani na kikopo cha vifungo. Jambo hilo lilimfikia kwa mbali, kama kishindo cha kitu kinachoanguka katika nyumba ya jirani, na mtu anasema kimeanguka kitu, kisha anaendelea kumenya muhogo. Aliona haya kwamba hata sasa hakuweza kulia.

"Umulete leo," Mama Éliane alisema. "Usiseme kesho. Lazima tupime makohozi, na muntu wa maabara anapanda gari ya Nyunzu kesho asubuhi, hatarudi haraka. Mugonjwa akikatisha dawa namna hii, ugonjwa unazoea. Ukishazoea, hizi dawa tuko nazo hazitamusaidia. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

"Sura yako kama hausikie."

"Nasikia," Evodie alisema.

*

Papa Salomon hakutaka kwenda.

"Twende, Papa. Mama Éliane anakungojea."

"Ameniita?"

"Mimi njo nimekuja kukuita."

"Kituo kilisema muntu asije mpaka aitwe kwa telefone."

"Telefone haikulia juu ya kazi yangu iliharibika. Nimekuelezea, Papa. Ni kosa yangu."

Mzee alivuta uzi uliokuwa unaning'inia kwenye bega la sanamu, akauzungusha kidoleni. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Papa Kalala alipita hapa zamani," alisema. "Ananiambia, Salomon, dawa iko, sisi tumeshachukua. Nikamujibu, mimi sijaitwa bado. Akacheka. Ananiambia, ungali unangojea ile mashini ya mutoto wako? Mbele ya watu, barabarani hapa."

"Kumbe ulijua dawa iko?"

"Nilijua. Lakini nikipanda kule bila kuitwa, wale watu wote kwa mabenchi wataona nini? Wataona ata papa ya Evodie haamini mesaji ya Evodie. Nikasema, hapana. Ya wengine ichelewe, yangu itafika."

Evodie alimnyooshea mkono ili ainuke. Baba yake alikohoa, kikohozi kirefu kilichomlazimisha kushika meza ya cherehani, na kilipokwisha alipangusa midomo kwa leso akaikunja haraka ili wasione kilichomo.

Mama Françoise alimvuta binti yake jikoni.

"Muandikie wewe," alinong'ona. "Tuazime telefone ya Bijou hapo kando, asijue namba. Maneno njo yale yale. Ataamka saa hii hii."

Evodie aliitoa simu yake mwenyewe. Maneno aliyajua kwa moyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyatunga: Dawa yako imefika, tafadhali njoo kituoni. Aliyaandika yote ili kuona yangekaaje. Yalikaa vizuri sana. Kwa mlango wa jikoni aliiona sanamu ikiwa imesimama ndani ya sare yake, imetulia, haibanwi popote.

"Hapana, Mama."

"Juu ya nini? Papa yako afe juu ya maneno?"

"Miezi mizima tunadanganyana ndani ya hii nyumba. Wewe unatikisa vifungo, yeye anasema amekunywa, mimi nasema kijani. Nimechoka." Alisema amechoka, na aliposema aligundua kwamba ni kweli, na kwamba huenda uzito wote aliokuwa nao tangu asubuhi ulikuwa uchovu. "Nipe mpaka saa tisa. Ikifika saa tisa telefone haijalia, uazime ya Bijou, utume yako. Sitakasirika."

Mama Françoise alimtazama, akatazama jua.

"Saa tisa," alisema. "Dakika moja sitaongeza."

*

Kitu cha kwanza alichokifanya Evodie ofisini kilimshangaza Guelord, maana hakugusa kosa lenyewe. Aliigusa sanamu. Aliiumba upya kwa kipimo cha mjumbe wa kweli: isiitikie jina ambalo mjumbe halijui, isipokee mzigo ambao mjumbe haupokei. Kwa Python ni mstari mmoja tu, na angeweza kuuandika tangu siku ya kwanza. Kisha akaanzisha majaribio.

Skrini ikawa nyekundu.

"Umeharibu," Guelord alisema.

"Hapana. Sasa njo inasema kweli."

Papa Nicolas alikuwa amerudi. Aliona ile rangi kutoka mlangoni, akaja akasimama nyuma ya kiti cha Evodie, akipumua kwa pua.

"Mama, wageni wakiona hivi."

"Wataona, Papa."

Alirekebisha jina. Nyekundu ilibaki, sasa kwa sababu nyingine: kazi mpya ya Guelord ilitaka pia jina la mtumaji, na upande wa Evodie haukulipeleka. Sanamu ya zamani isingelisema hilo kamwe. Alilipeleka. Zile nukta zikarudi kijani, Guelord akapiga meza kwa furaha, lakini Evodie hakuwa tena mtu wa kufurahia kijani. Alitoa ile amri ya kunyamaza, akaandika kwamba ujumbe ukishindwa programu iendelee na wengine lakini itaje wazi ni nani hakufikiwa. Kisha akajitumia ujumbe mwenyewe.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Ilisogea kidogo kwa kutetemeka huko, ikagusa kikombe.

"Haya," alisema. "Sasa wale watatu."

"Watajua kwamba tulikosa," Papa Nicolas alisema.

"Ndiyo, Papa."

Papa Nicolas alimwangalia usoni, akavuta kiti akakaa. Evodie alituma. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa, na saa hiyo tangu zamani haikuaminika.

*

Hakwenda nyumbani. Alipanda kilima moja kwa moja, akasimama kwenye lango la kituo. Alingoja muda mrefu kuliko alivyopenda, mpaka akaliona koti jeusi, lile la misa, likipanda polepole kando ya kitenge cha mama yake. Walikuwa wakisimama kila baada ya nyumba chache ili mzee apumzike. Simu alikuwa ameishika mkononi, mbele yake, kama wanavyoshika mshumaa kwenye maandamano ya kanisa.

Evodie alimtazama mama yake bila kuuliza.

"Sikutuma," Mama Françoise alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa kwa mlango wa Bijou. Yako ilitangulia."

Kwenye mabenchi kulikuwa na watu, na Papa Kalala alikuwa miongoni mwao.

"Salomon, umekuja kumbe."

"Wameniita," Papa Salomon alisema, akampita.

Alimkabidhi Mama Éliane simu kwa mikono miwili. Muuguzi huyo alikuwa na foleni ndefu na jioni fupi. Angeweza kusema sawa, keti pale. Alimwangalia Evodie mara moja, kisha akausoma ujumbe wote kwa sauti, pamoja na jina la mtumaji, mabenchi yote yakisikia.

"Ndiyo, Papa," alisema. "Tulikuita. Karibu."

Habari njema za siku ile ziliishia hapo. Makohozi yalipopimwa, ugonjwa ulikuwa umerudi. Matibabu yangeanza upya, kidonge cha kwanza, kana kwamba miezi ile yote Papa Salomon hakumeza kitu. Na kama dawa hizo zingali na nguvu juu yake au la, hapo hawakuwa na mashine ya kuwaambia. Sampuli ingepelekwa mbali, na jibu lingechukua muda wake.

"Kutoka mwanzo?" Papa Salomon aliuliza.

"Kutoka mwanzo, Papa."

Alitikisa kichwa taratibu kama fundi aliyeambiwa nguo haikai, ifumuliwe. Aliomba maji. Mama Françoise alianza kulia bila sauti. Evodie alimshika mkono na kungoja zamu yake ya kulia, nayo haikuja.

*

Asubuhi Mama Françoise alileta maji katika bilauri na kuweka vidonge juu ya meza ya cherehani. Papa Salomon alivitia kinywani, akanywa, akashusha bilauri.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

Mama Françoise alikitikisa kikopo, kikalia, akageuka kukirudisha kabatini. Evodie alikuwa amekwisha kufunga viatu. Alishuka ngazi ya baraza, akafika barabarani, akasimama. Kisha akarudi.

"Papa," alisema. "Fungua kinywa."

"Evodie," mama yake alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kumwonya. Mtoto hamwambii baba yake hivyo, barazani, majirani wakipita na ndoo zao.

Papa Salomon aliiangalia barabara. Kwa kitambo Evodie alifikiri angeinuka aingie ndani. Bijou alipita na maji kichwani, akasalimu, akatazama, akaendelea na safari yake.

Mzee akafungua kinywa.

Evodie aliinama. Aliyaona meno ya baba yake, yale yaliyobaki, na ulimi wenye rangi ya dawa. "Inua ulimi," alisema, naye akainua. Chini yake hakukuwa na kitu. Pumzi yake ilikuwa ya mtu mgonjwa, yenye joto, na ilimpiga Evodie usoni, na hapo ndipo ile hofu aliyoingoja tangu jana ilipomfikia, yote kwa pamoja, mpaka akalishika bega la sanamu.

Papa Salomon alifunga kinywa, akapangusa midomo.

"Na kesho tena?" aliuliza.

"Na kesho tena, Papa," Evodie alisema, akilia.